Kokoto za Buluu

Habari ilifika barabarani Jumanne asubuhi kabla umande haujakauka. Kontena la sukari limefunguliwa mpakani Isebania, na ndani hakukukutwa sukari. Kumekutwa kokoto. Aliyeileta habari hiyo ni mwendesha baiskeli aliyekuwa akitoka huko na abiria wake, na aliisimulia akicheka, maana kwake ilikuwa kichekesho: serikali nzima imesimama kutazama mawe. Kisha, tayari keshakanyaga pedeli, akaongeza kwamba mawe yenyewe yana rangi ya buluu.

Bosibori hakucheka. Nyundo yake ilikuwa juu, ikabaki juu. Chini, ndani ya ule mduara wa mpira wa tairi wanaotumia kushikia jiwe lisiruke machoni, jiwe lilikuwa linamngoja. Aligeuza shingo akatazama rundo dogo lililobaki ubavuni mwake. Matone ya buluu yalikuwa yamekaukia juu ya mawe, yanang'aa kwa jua la asubuhi.

Pale Kamwala, nje kidogo ya Migori, wanawake wavunja kokoto wamekaa safu moja kando ya lami, kila mmoja na rundo lake, na rundo halina kufuli. Wanaofanya kazi Jumamosi hawana shida, wanalinda kwa macho. Lakini Wasabato huondoka Ijumaa jua likingali mbinguni, na zamani walipokuwa wakirudi Jumapili walikuta rundo limetafunwa nusu. Basi wakazoea kurashia mawe alama kabla ya kwenda, ili jiwe lililoibwa litambulike. Mmoja wao, Bathsheba, hutumia chokaa. Wengine majivu. Bosibori alikuwa na kopo la rangi ya mitumbwi aliloachiwa na marehemu mumewe, ambaye alikuwa akipaka mitumbwi huko Homa Bay mpaka ugonjwa ukamrudisha nyumbani kufa, mtoto wao Scovia akiwa bado tumboni. Chokaa huoshwa na mvua. Rangi ya mtumbwi imetengenezwa ikae majini mwaka mzima, na Bosibori alijivunia hilo. Mara ngapi aliwacheka wenzake msimu wa mvua!

"Min Scovia," Dolphine alimwita kwa sauti ya chini, alivyozoea kumwita kwa Kijaluo, yaani mama Scovia. Dolphine ndiye jirani yake wa upande wa kulia, mwanamke wa sauti kubwa, na ile sauti ya chini ndiyo iliyomwogofya Bosibori zaidi. "Hayo mawe yako. Geuza."

Wakageuza. Waliinama wote wawili wakageuza jiwe moja moja kama watu wanaochagua maharagwe, upande wenye rangi chini, upande mkavu juu. Lakini Ijumaa iliyopita Bosibori alikuwa amerasha kwa ukarimu. Rangi ilikuwa imeteremka, imepaka na mawe ya chini, na kila walipogeuza moja, jingine lilitokeza buluu yake. Scovia, mtoto wa miezi michache, alikuwa amelala chini ya mwavuli uliovunjika fito, ngumi mdomoni.

"Na kopo?" Dolphine aliuliza.

"Liko chini ya kitanda."

Dolphine akageuza jiwe jingine.

Jumamosi iliyopita Bosibori alikuwa keshafunga kitambaa cha kanisani na mtoto keshaoshwa uso, Mogire alipobisha hodi. Mogire ni mtu wa mizigo. Lori lolote la kwenda Tanzania likipitia njia ile, mkono wake haukosi. Ni Mkisii mwenzake, Msabato mwenzake, tena ana nafasi yake benchi la mbele. Alitaka rundo karibu lote, asubuhi hiyo hiyo, na akasema atalipa kabla lori halijaondoka. Bosibori akamkumbusha kwamba leo ni Sabato. Mogire akajibu kwa upole kwamba Mungu anamjua mjane, na kama yeye hataki, kuna kokoto nyingine barabarani. Mvua ilikuwa imewanyima wateja mwezi mzima. Kwenye debe la unga kulikuwa kumebaki vumbi la kupakaza mkono. Bosibori akavua kitambaa, akamtuma mtoto wa jirani kwa mzee wa kanisa, Onsongo, akamwambie kwamba leo mama Scovia haji, ana homa.

Mogire mwenyewe aliingia kwenye pikapu yake akaenda kanisani.

Walipakia mchana kweupe, nyuma ya lile ghala la pamba ambalo halijaona pamba tangu kiwanda kife. Nani angewaona? Nusu ya watu wa Kamwala walikuwa wanaimba. Lori lilisimama na kontena mgongoni, milango wazi, na vijana wa kubeba walikuwa wanashusha magunia ya sukari na kuyaingiza ghalani. Nafasi ilipopatikana, karai za kokoto zikapanda. Bosibori alijaza karai mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Dereva wa lori alikuwa Mkuria wa upande wa Kegonga aitwaye Mirumbe, kijana mwenye maneno mengi, aliyekaa kivulini akila miwa na kuwafundisha watu kazi yake.

Aliwaambia kwamba sanduku lile lilijazwa ng'ambo huko, likafungwa, likapakiwa melini. Mombasa winchi ikalinyanyua na kuliweka juu ya behewa la gari la moshi. Kisumu likashushwa likapandishwa lori. Mikono yote hiyo, na hakuna mtu hata mmoja aliyeona ndani. Kila mahali wanaangalia vitu viwili tu: uzito kwenye mizani, na sili, kile kipande cha chuma chenye namba kilichofunga mlango. Namba ikiwa ile ile na uzito ukiwa ule ule, mzigo umepita. Na sili yenyewe hawakuigusa. Walilegeza ribiti, ile misumari iliyoshikilia komeo, mlango ukafunguka na sili yake ikining'inia, nzima kabisa.

"Kontena haifunguliwi njiani, mama," Mirumbe alisema. "Hiyo ndio uzuri yake. Ata ukiweka mtu ndani, kama sili iko sawa, huyo mtu atafika Mwanza."

Vijana wakacheka. Bosibori aliuliza wale wa Mwanza wanaongoja sukari watasemaje. Mirumbe akatema makapi ya muwa. Hakuna anayengoja, alisema. Sukari ile ilikuwa ya hapa tangu ilipotoka melini. Tanzania iko kwenye karatasi tu, kwa sababu mzigo wa kupita haulipi ushuru.

Alielewa. Tusimfanye mtakatifu. Alijua kwamba pale anaibiwa mtu mkubwa, yaani serikali, na mtu mkubwa mwenzake, na kwamba huko Awendo kuna wakulima ambao miwa yao inakauka shambani kwa sababu ya sukari kama hii. Lakini yeye aliuza kokoto, na kokoto zilikuwa zake. Aliiona rangi ya buluu ikiingia gizani karai kwa karai, na wazo alilokuwa nalo ni kwamba wiki ijayo ataanza rundo jipya.

Kumbe kwenye mteremko wa kuelekea mpakani lori lilikuwa limefunga breki, na mzigo wote ukaserereka mbele ukanguruma. Kulikuwa na afisa mgeni pale, aliyeletwa juzi tu, ambaye alikuwa hajaambiwa asisikie. Sukari haingurumi. Akaamuru lifunguliwe. Mirumbe aliruka upande wa pili wa lori, akaingia mahindini, na hadi leo mahindi hayajamtoa.

Jua lilipopanda, kontena likarudi. Waliliona likija polepole juu ya lori lile lile, polisi akiwa ndiye anaendesha, likaingia kwenye uwanja wa posti ya polisi ya Kamwala, ng'ambo tu ya barabara, nyuma ya ua wa michongoma. Nyundo za safu nzima zilinyamaza, kisha zikaanza tena, maana mtu asiyegonga anaonekana. Nyuma ya lori ikafuata pikapu ya Mogire. Nayo ikaingia.

Moyo wa Bosibori ukapata nafuu. Ndiyo, nafuu. Katika watu wote walioko duniani, Mogire ndiye aliyejua kwamba yeye aliuza mawe tu, na kama Mogire amekuja, basi ukweli umekuja. Alimnyonyesha Scovia upande mmoja, akamfunga mgongoni mwa Dolphine.

"Wacha kuenda," Dolphine alisema. "Mtu hajipeleki kwa polisi."

"Watakuja kuona hizi. Afadhali nimpate Mogire kabla hawajaniuliza."

"Min Scovia."

"Nakuja sasa hivi. Hajanyonya upande wa pili."

Akavuka barabara akiwa bado na ule mpira wa tairi mkononi.

Mogire alikuwa ameketi barazani mwa posti, kikombe cha chai juu ya goti, na Koplo Nicodemus, mkuu wa pale, ameegemea nguzo karibu naye. Lile kontena liliegeshwa katikati ya uwanja, mlango mmoja umefunguliwa nusu. Bosibori alisalimia. Akamgeukia Mogire, akamwomba kwa Kikisii, kwa adabu zote, amweleze afande jinsi mambo yalivyokuwa siku ya Jumamosi.

Mogire alimjibu kwa Kiswahili, ili koplo asikie.

"Jumamosi? Dada yangu, Jumamosi mimi niko kanisani. Kanisa nzima iliniona." Alikunywa chai kidogo. "Ni wewe hatukukuona. Mzee Onsongo alisimama akasema uko na homa kali. Tulikuombea. Mimi mwenyewe ndio niliongoza hiyo maombi."

Bosibori aliiona hiyo Jumamosi yote kama watakavyoiona wengine: yeye hakuwa kanisani, yeye alidanganya, kokoto ni zake, rangi ni yake, kopo liko chini ya kitanda chake. Mirumbe hayupo. Vijana wa kubeba ni wa Mogire. Na mtu mmoja tu aliyekuja mlangoni kwake alikuwa na kanisa zima la kumtetea.

"Kwa hivyo ulikuwa unaumwa," Koplo Nicodemus alisema.

"Sikuwa naumwa, afande."

"Kwa hivyo ulidanganya kanisa."

"Niliuza kokoto tu, afande. Huyu ndiye alinunua."

"Huyu alikuwa anakuombea." Koplo hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayepanga vyombo kabatini. "Sukari ya kontena mzima, mama. Umepeleka wapi?"

Alicheka kidogo aliposema hivyo, na Mogire naye akacheka. Bosibori aliwatazama, akafahamu kwamba wanajua yeye hakuiba, na kwamba kujua kwao hakutamsaidia kitu. Hapo ndipo hofu ilipomkamata barabara. Alisema ana mtoto mchanga. Alisema mtoto yuko hapo ng'ambo, amemwacha kwa jirani, ngoja akamchukue arudi. Koplo akamwambia atamchukua akimaliza kazi ndogo. Walikuwa wanahitaji kielelezo. Aingie kwenye kontena, aokote mawe yenye buluu, ayaweke upande mmoja, wayahesabu, aende zake kungoja kuitwa.

"Ukimaliza haraka, utarudi haraka."

Akaingia. Nani asingeingia? Alipanda kwa mikono na magoti juu ya kokoto zake mwenyewe, zilizojaa mpaka kifuani, na kadiri alivyokwenda ndani ndivyo joto lilivyomkaba. Zile za buluu zilikuwa zimeserereka hadi mwisho kabisa, gizani. Alianza kuziokota kwa kupapasa, kwa sababu rangi ya mafuta ni laini kidoleni na jiwe linakwaruza. Alifanya haraka. Titi la upande wa pili lilianza kuuma kwa kujaa.

Kisha akasikia gari dogo linaingia, na viatu vya mwanamke, vile vya kisigino, juu ya changarawe. Sauti ya mwanamke huyo ilikuwa changa, yenye haraka. Koplo alimwita Madam Mourine. Bosibori alisikia kwamba huyo ni mtu wa forodha kutoka mpakani, kwamba simu imetoka Nairobi, kwamba wakubwa hawataki mtu yeyote aguse mzigo hata jiwe moja mpaka watu wao wafike, na kwamba kontena litiwe sili mpya saa hii hii. Mlango ukasogea. Ule mstari wa mwanga ukawa mwembamba.

"Afande!" Bosibori aliita. "Bado niko!"

Mlango ukasita.

"Kuna mtu ndani?" Madam Mourine aliuliza.

"Ni mshukiwa, madam," koplo alisema.

"Mtoe basi."

Bosibori alikuwa anatambaa kuelekea mlangoni, kokoto zinamtoka chini ya magoti na kumrudisha nyuma. Akamsikia Mogire, sauti yake ya kanisani, akisema kwamba seli ya akina mama imejaa magunia, posti haina pengine pa kumweka, na itakuwa jambo baya kwa madam kama mshukiwa wa pekee atatoroka kama yule dereva alivyotoroka. Nairobi watauliza ni nani alimfungulia.

"Mimi nimetumwa kwa kontena," Madam Mourine alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imepungua; naye alikuwa anaogopa, Bosibori aliisikia hofu yake, aliijua kama anavyojua harufu ya nyumba yake. "Mtu ni wenu. Kontena ndiyo yetu. Hayo ya mtu mtajua ninyi."

Mlango ukafungwa. Chuma kiliingia kwenye chuma, kikalia mara moja. Akasikia namba zikisomwa kwa sauti na koplo akizirudia, kisha viatu, kisha gari dogo likiondoka upande wa Isebania.

Alipiga kelele mpaka vumbi la kokoto likamjaa kooni na sauti ikawa mnong'ono. Mara moja koplo alikuja karibu, akamjibu kwa upole kupitia bati. Alisema atulie. Alisema sili si yake, ni ya madam, na akiikata atamwaga unga wake, kazi itamtoka. Watu wa Nairobi watakuja. Bosibori aliuliza lini, kwa mnong'ono, na hakujua kama alisikika.

Karibu na komeo, kutu ilikuwa imekula tundu dogo la kupita kidole. Alibandika mdomo pale akavuta hewa, kisha akabandika jicho. Aliona michongoma na kipande cha lango. Bati lilikuwa limeanza kuchoma. Jasho lilimwingia machoni, na maziwa yalikuwa yamelowesha gauni mpaka tumboni.

Wa kwanza kusikika alikuwa Scovia. Kilio kile kilivuka barabara kikaja langoni, na nyuma yake akaja Dolphine mwenyewe, mtoto amemshika kifuani, khanga imepanda begani. Alisimama langoni. Koplo alimfuata pale pale.

Dolphine aliuliza mama wa huyu mtoto yuko wapi.

"Amepelekwa Homa Bay. Gari imetoka saa hii. Nenda umtafute huko."

Bosibori aliokota jiwe akagonga bati. Aligonga kwa nguvu zake zote, lakini kokoto zilizojaa hadi kifuani ziliimeza sauti, ikatoka nje nzito na fupi, ngo, ngo, ngo. Kupitia tundu alimwona Dolphine akigeuza kichwa kuelekea kontena.

"Nini hiyo inagonga?"

"Mawe," koplo alisema. "Jua likiwaka yanajipanga. Nenda, mama. Ama na wewe uko na rundo hapo?"

Dolphine alikuwa na rundo hapo. Alilitazama kontena kwa muda, akamtazama koplo, mkono wake ukimpapasa Scovia mgongoni, haraka haraka. Kisha akageuka. Kilio kikavuka barabara kurudi kilikotoka.

Bosibori hakuacha kugonga. Aliuzungushia mkono ule mpira wa tairi ili jiwe lisimkate, akagonga, akapumzika kuvuta hewa tunduni, akagonga tena. Alipopumzika aliwasikia. Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wamerudi kazini, nyundo juu ya jiwe, chuma na jiwe, ngo, ngo, ngo, kila mmoja na mwendo wake. Alisikiliza kwa makini ili ajue kugonga kwake kunatofautianaje na kule. Akagonga. Wakagonga. Barabarani mtu mmoja alikuwa anapatana bei ya kokoto.